Kibao Kilichokosa U

Nyinyi wawili mnaokuja kuishika Jumanne yangu, karibuni, na kwanza vueni hivyo viatu. Mmoja wenu nilimwona juzi kaja na viatu vyeupe pe, soli nene kama mkate wa mofa, nikasema haya, Mungu amsitiri mwana wa watu. Kule tuendako kuna matope, na matope ya mikoko yakishika kiatu hayakiachi mpaka mguu utoke peke yake.

Jina langu Mishi, lakini Mji wa Kale wote mtasikia naitwa Sista Mishi. Nimekifunga kile kitambaa cha kupimia presha mikononi mwa watu wa mji huu tangu mashine zilipokuwa na zebaki na mpira wa kubinya, mpaka zikaja hizi zinazojijaza upepo zenyewe. Miaka yangu ya mwisho pale zahanati, kila Jumanne asubuhi nilikuwa nikiwapakia wagonjwa wa presha na sukari kwenye tuktuk mpaka Tudor, tunateremka pwani, tunaketi ndani ya mikoko. Ndiyo kazi yenyewe hiyo, kuketi. Sasa magoti yangu yamekataa, mmepewa nyinyi, na nimeambiwa niandike ninachokijua ili msianze na ujinga nilioanza nao mimi.

Ujinga wenyewe ulikuwa mwingi. Mwingi ulinichekesha baadaye, ila mmoja haukunichekesha, nao ulimpata Sakinabai. Nitahadithia huku na huku kama ilivyo tabia yangu, lakini mkiona nimemtaja Sakinabai, tulieni msome vizuri. Ni kwa ajili yake nimekubali kushika kalamu.

Wazo halikuwa langu. Daktari wetu wa wakati ule, binti mdogo tu, alirudi masomoni akatukusanya akasema kuna watu nchi nyingine huenda msituni, si kuwinda wala kukata kuni, huenda kukaa tu, wakavuta hewa na kusikiliza miti, na presha zao zikatulia na usingizi ukaja. Sisi tukacheka. Mtu wa Mombasa akitaka hewa huenda Laithausi jioni, akakaa ukutani, akala mihogo ya kukaanga kwa pilipili na ndimu, akarudi kwake na chumvi nyingi mwilini kuliko aliyokwenda nayo. Tena msitu gani kisiwa hiki? Kizingo miti ipo, lakini iko nyuma ya kuta za wenyewe, na mbwa juu yake. Kibarani siku zile bado kulikuwa jaa, ukipita unaziba pua mpaka uvuke. Daktari hakucheka. Akanambia, wewe Sista ni mwenyeji, nitafutie msitu.

Nikamwendea Kadzo. Kadzo alikuwa mfagiaji wetu, Mgiriama, mdogo kwangu kwa miaka mingi, mtu wa maneno machache na yote makavu. Alikuwa akikaa Tudor, na huko alikuwa katika chama cha akina mama wanaopanda mikoko ufuoni, pale ilipokatwa ikaisha. Mara nyingi alikuja kazini na matope kwenye kucha, nami nikimsema kwamba hii ni zahanati. Siku hiyo nikamuuliza kwa adabu kama anajua msitu wowote hapa mjini. Akanambia ametoka huko asubuhi hii hii, na nikitaka nije Jumapili akishatoka kanisani.

Basi nikaenda. Tuliteremka kwenye mivinje, tukapita vijia vya wavuvi, tukaingia kwenye mikoko mpaka nyumba na magari vikapotea. Mimi nilivaa makubadhi mapya. Kufika katikati, Kadzo akageuka, akasema, "Kaa."

Nikaruka. Nikakusanya buibui langu mpaka magotini, nikauliza yuko wapi.

"Nani?"

"Si huyo kaa."

Alicheka mpaka akashika mti. Kumbe alikuwa ananiambia niketi, na mimi namtafuta mwenye magando. Mpaka leo tukikutana, hata kwenye matanga, hunambia "kaa" kwa sauti ya chini, na mimi nazuia kicheko mbele za watu.

Nikatandika leso juu ya mzizi, nikaketi. Na mnavyonijua, kuketi bila kusema siwezi. Nikaanza kumuuliza miti hii kaipanda nani, ile imekufa kwa nini, mbona panatoa harufu ya mayai, wakija wagonjwa tuwaeleze nini. Kadzo akanambia, "Sista, mate yako yameze." Tangu shuleni hakuna mtu aliyewahi kunambia ninyamaze, sembuse mfagiaji wa kwetu, na kwanza iliniuma. Lakini nikameza. Nikakaa nimenuna. Nikiwa bado nimenuna nikaanza kusikia matope yenyewe, yana mlio mdogo mdogo, ta, ta, kama mafuta yanayopoa kwenye karai. Halafu wakatoka wale kaa wadogo wenye gando moja kubwa, mmoja, wawili, hata sikuweza kuwahesabu, kila mmoja mlangoni kwake akinipungia mkono. Nikajikuna shavu. Wote wakaingia ndani.

Kadzo akanambia bila kunitazama kwamba kaa wakitoka, ndiyo nijue nimekaa.

Wanangu, hicho ndicho kipimo, na sijapata kingine bora. Msiwaletee wagonjwa saa wala kengele. Msiwaambie vuteni pumzi, toeni pumzi, mkawasimamia kama polisi. Nilijaribu, mama mmoja akapata kizunguzungu kwa kuivuta zaidi ya haja yake. Waketisheni, nyamazeni, tazameni chini. Kaa wakitoka, watu wametulia. Wakiingia, yuko mtu kafungua begi, au yuko mtu amekumbuka mkwewe. Ngojeni watoke tena.

Mambo mengine ni ya kawaida, lakini yashikeni. Champali na ndara zote marufuku, zinabaki matopeni. Kila mtu na leso au mkeka wake, maana mzizi wa mkoko unaumiza makalio ya mzee. Kwa usubi, mafuta ya nazi mikononi na shingoni. Ile dawa ya kupuliza inanuka, na watu wakianza kukohoa hakuna msitu tena. Mgonjwa wa sukari asiondoke bila kunywa chai, na nyinyi msikose tende mfukoni. Simu zinazimwa, hazipunguzwi sauti.

Na kabla ya kumwamkia mtu, muulizeni, "Umemeza?" Nawaambia kwa kuwa lilinifika. Kulikuwa na mama mmoja ambaye baada ya Jumanne nne alijiona mzima, akaviweka vidonge kabatini, akasema dawa yake sasa ni miti. Akaanguka Marikiti katikati ya mahamali na magunia ya vitunguu, wakamleta kwa mkokoteni. Alipozinduka akanilaumu mimi, na alikuwa na haki, maana nilikuwa nikiwasifia miti utadhani ninaiuza. Msitu unakutuliza, unakulaza, unakufanya ujisikie mtu tena. Nafasi ya kidonge hauichukui. Mwambieni hivyo kila mtu, tena na tena, hata akichoka nanyi.

Halafu maji. Mimi niliwapangia Jumanne saa tatu, nikaona nimemaliza. Bahari haijui Jumanne. Safari ya kwanza kabisa nilikwenda na watu wanane, nao waliketi vizuri, kaa wakatoka, nikajiona bingwa. Mara nasikia miguu baridi. Ilikuwa bamvua, maji yanajaa, na kule ndani hayaji kwa wimbi ukayaona, yanapanda tu chini yako kimyakimya. Alikuwapo mzee mmoja aliyewahi kuwa kuli bandarini. Huyo ndiye aliyewabeba akina mama mgongoni mmoja mmoja mpaka kwenye mivinje, na kila aliyebebwa alinitukana mimi, si yeye. Siku hiyo hakuna aliyekubali nimpime presha. Kesho yake Kadzo akabandika orodha ya maji ukutani karibu na stoo ya mifagio. Akanambia Jumanne ni ya serikali, lakini maji ni ya mwezi, na saa ya kutoka ataipanga yeye. Kwa hiyo saa za kutoka mwulizeni Kadzo, si daktari.

Sasa Sakinabai.

Mnalijua lile duka la vifungo, nyuzi na lesi, lenye mlango wa kijani na droo mpaka darini. Mwenyewe alikuwa Sakinabai na mumewe. Mume kazi yake ilikuwa kupima lesi na kunyamaza, mke kazi yake ilikuwa kuuza na kutania watu. Nilipoanza kazi, sare yangu ilikuwa ikikatika vifungo, naye kila nikienda aliniuzia kimoja tu, akasema, "Chukua kimoja, Sista, utarudi. Wanenepa." Alikuwa na namna yake ya mzaha. Alisema nusu, akainua kidole, akakungojesha, watu wote dukani kimya, halafu akaitoa ile nusu ya pili. Tuliishi hivyo miaka, mimi na yeye, kwa kutaniana juu ya meza ya vifungo. Nilimpenda yule mama.

Mumewe akafa. Sakinabai akakaa eda, na eda ikaisha, lakini yeye hakushuka. Akabaki ghorofani. Duka likashikwa na mwanawe, Murtaza, kijana mzuri, mpole, mwenye hofu juu ya mamake kuliko inavyofaa. Usingizi ulimhama Sakinabai kabisa. Chakula akila vijiko viwili. Vidonge alimeza, mimi mwenyewe nilikuwa nikipanda kumwona akimeza, na presha ilikataa kushuka. Daktari aliniita pembeni akanambia huyu mama asipopata usingizi na akiendelea kujifungia hivi, kiharusi kinamnyemelea. Kwa hiyo mjue tulikuwa tunashindana na nini.

Nilimbembeleza Murtaza wiki nyingi ndipo akakubali. Jumanne ya kwanza Sakinabai alikaa ametupa mgongo sote, amelaani matope na tuktuk na mimi. Jumanne ya pili nikamtandikia mkeka akaegemea mchu, mkoko mmoja mnene, na kabla kaa hawajatoka nikasikia mkoromo. Alikoroma mpaka akawafukuza kaa wote upande wetu, na hakuna mgonjwa hata mmoja aliyelalamika. Tulikaa tumemzunguka tukimlinda usingizi wake. Alipoamka alishika mkono wangu, akauliza, "Nimelala?" Aliuliza kwa sauti ya mtu aliyeonyeshwa kitu chake kilichoibwa. Jioni Murtaza akanipigia simu kunambia mama amekula wali, akaomba na mchuzi wa pili.

Hapo nikavimba kichwa. Nikasema kazi kama hii haifai kufichwa, mji mzima ujue. Nikaomba kibao cha kuweka mlangoni pa zahanati. Nikampelekea fundi wa maandishi, yule aliyeandika vibao vya nusu ya maduka ya mtaa ule, karatasi nimeiandika kwa mkono wangu: KUPUNGA UPEPO MSITUNI, KILA JUMANNE, WOTE MWAKARIBISHWA. Fundi akanipigia simu kwamba ubao ni mfupi, maneno hayaingii. Mimi nilikuwa mbioni kwenda harusini kwetu Kwale, mkono mmoja hina haijakauka. Nikamwambia, we si fundi, yabane, utajua mwenyewe. Akayabana. Kibao kikatundikwa Jumamosi, nami nikarudi Jumatatu usiku bila kukiona.

Jumanne asubuhi nikakuta watu wamejaa mpaka njia panda. Nikafurahi, wallahi, nikasema Mombasa imeamka. Halafu nikaona mama mmoja ana kuku mweusi kwenye kikapu. Mwingine kaja na mumewe amemshika kola, anataka huyu aanze yeye. Bibi mmoja mtu mzima akanivuta shungi, akaninong'oneza kwamba wake ni wa Kiarabu, anataka marashi na udi tu, hataki ngoma, kama nitaweza. Nikasema bibi, wako nani? Akanionyesha kibao.

KUPUNGA PEPO MSITUNI.

Fundi aliona U haina kazi, akaitoa. Nyinyi vijana mnacheka, na kweli inachekesha. Ukipunga upepo, umekwenda kutafuta hewa. Ukipunga pepo, unamtoa mtu shetani kichwani kwa ubani na ngoma, na hapo mtoaji ni mimi Sista Mishi, na sare yangu ya bluu. Nilisimama kwenye ngazi nikaomba radhi mpaka sauti ikakauka. Yule bibi wa udi alikasirika kwelikweli, alikuwa ametoka mbali. Imamu wa mtaani akaniita Alhamisi. Nilipomweleza ya U, alijifunika uso kwa kilemba akacheka mabega yakitikisika, kisha akanambia nisome ninachoandikisha. Mji ulinitania mwezi mzima. Mtu akipiga chafya sokoni, huambiwa kamwite Sista Mishi. Fundi alirudi akaipachika U yake, lakini nafasi haikuwapo, kwa hiyo mtaiona pale mwanzoni mwa PEPO, ndogo, imebanwa juu pembeni.

Lakini Jumanne ile, katika umati wote ule, Sakinabai hakuwapo.

Nikaenda dukani. Murtaza alikuwa akifunga kamba kwenye kibunda cha lesi, hakuinua macho. Akasema, "Sista, mamangu ana huzuni. Mamangu hana pepo."

Nikamweleza ya ubao, ya fundi, ya hina. Alisikiliza kwa heshima. Akanambia anaamini, lakini wajomba zake wameshapiga simu kutoka kote waliko, kwamba yeye mwana wa pekee amemtoa mamake mjane ndani akampeleka kwa waganga vichakani. Uso wake ulikuwa mwekundu kwa aibu. Akaniomba tungoje kidogo, watu wasahau. Tukiwa pale tukasikia sauti ya Sakinabai kutoka juu, akiuliza, "Murtaza, ni nani?"

Murtaza akanitazama. Akajibu, "Mteja, mama."

Na mimi nikanyamaza. Mimi, mtu ambaye hata mikokoni ilibidi nifundishwe kunyamaza, siku ya kusema nilinyamaza. Ningeita tu, "Ni mimi, shoga, shuka." Nikaona nitamvunjia heshima mwanawe dukani kwake. Nikaaga nikaondoka. Nilirudi mara mbili tena. Mara ya mwisho Murtaza akanambia, "Yuwalala, Sista," na sote wawili tulijua halali.

Jumanne ya tano tangu kibao, kiharusi kikampata. Upande wa kulia wote, na ulimi. Nilimkuta hospitalini amelala chali, macho yake yale yale, mdomo umekwenda upande. Nikamfunga kitambaa mkono wa kushoto nimpime, kazi nisiyoombwa na mtu, kwa kuwa sikujua nifanye nini kingine na mikono yangu. Aliniangalia muda wote ule asiweze kunambia hata kwamba nimenenepa. Nikatoka nje nikalia, na Murtaza alikuwa kwenye benchi naye analia. Akasema angemwacha aje. Nikasema na mimi ningekisoma kibao. Daktari alipotukuta alituambia ukweli, kwamba hakuna ajuaye kama miti ingemkinga, kiharusi huwapata hata wanaolala fofofo. Nampenda daktari yule kwa kusema hivyo. Lakini mimi na Murtaza kila mmoja alirudi kwake na lake moyoni, na langu bado ninalo.

Miezi ikapita. Sakinabai alirudishwa nyumbani, akafundishwa kuketi, akafundishwa kushika kijiko kwa kushoto. Kusema, hapana. Alikuwa akiletewa picha za kikombe, paka, nyumba, naye anageuza uso. Anayemjua Sakinabai ataelewa. Mtu aliyetawala mtaa mzima kwa ulimi hawezi kukaa kuambiwa sema "paka".

Halafu Jumanne moja, tunapanga watu kwenye tuktuk, nikamwona Murtaza anakuja barabarani anamsukuma mamake kwenye kiti cha magurudumu. Duka kalifunga asubuhi, mbele za watu wote, jambo ambalo kwao halifanyiki ila kwa msiba. Akapita chini ya kile kibao chenye U ndogo, mamake akakiinulia macho. Alisema, "Sista, twende. Wajomba nimewaambia mwenyewe."

Magurudumu hayaingii matopeni, nikamwambia pole, tutakaa kwenye mivinje. Kadzo akasema ngoja. Akaenda akarudi na akina mama wa chama chake, kila mmoja na ubao begani, mbao za kila rangi, nyingine za vitanda, mmoja nusu ya mlango. Wakazilaza kutoka mivinje mpaka kwenye ule mchu aliolalia. Ndizo mbao mtakazopita nyinyi. Mbili zimeoza, semeni na Kadzo. Tukamsukuma Sakinabai juu yake polepole, Murtaza nyuma, mimi mbele nimeshika kiti kisiteleze, mpaka tukafika.

Tukaketi. Murtaza alitoa simu, Kadzo akamtazama, akairudisha. Matope yakaanza ta, ta. Mimi sikuweza kutazama kaa, nilikuwa nikimtazama Sakinabai, mikono yake imelala juu ya leso niliyomfunika. Kaa wakatoka. Tukakaa sana, sijui kiasi gani. Halafu upepo ukaja kutoka mlangoni mwa bahari, ukaingia kwenye majani ya juu, miti yote ikasogea, na vivuli vikatembea usoni mwake.

Mdomo wake ukachezacheza. Akasema, "Pepo."

Neno lake la kwanza miezi yote ile. Murtaza akapiga magoti matopeni mbele ya kiti, suruali yake ya dukani na yote, akanitazama, na nilimwona anahangaika, maana kwa maneno yote ya dunia mamake kachagua lile. Mimi nilitaka ardhi inimeze. Akamwambia kwa upole, kama mtu anayemtuliza mtoto, "Mama, hapa hapana pepo. Ni miti tu."

Sakinabai alimtazama. Akanigeukia mimi, akanitazama. Akauinua mkono wa kushoto kutoka kwenye leso, polepole, akainua kidole kimoja. Nikakijua kile kidole. Sote tukangoja, kimya, mpaka Kadzo.

"U," akasema.

Nusu ya mdomo wake ikacheka. Murtaza akaangua kicheko kilichochanganyika na kilio, mimi nikafuata, Kadzo akashika mti kama siku ile ya kwanza, na kaa wote wakaingia mashimoni. Sikumwambia mtu anyamaze.

Mtamkuta Jumanne, kwenye kiti, chini ya mchu. Atavitazama viatu vyenu na atakuwa na la kusema. Akiinua kidole, msimmalizie neno. Ngojeni.